Simba Hakuwa na Mfupa Kooni

Mbwa wa kijijini akifikisha miaka kumi, ujue amepita mengi. Alipona minyoo na kupe alipokuwa mtoto, akanusurika fisi, magari, sumu ya panya na mawe ya watoto. Wengi aliozaliwa nao hawakufika mwaka wa pili. Ndiyo maana mbwa mzee ana heshima yake nyumbani ingawa hakuna anayeitamka: hulala anapotaka, na ukoko wa ugali wa jioni huanza kuwa wake kabla ya kuwa wa mwingine.

Kisa ninachokisimulia nimekitunga, na watu wake hawana majina kwa sababu hawapo. Nimekiweka Gehandu, kwenye nyanda za juu za Mbulu na Hanang, ambako mbwa ni mlinzi wa zizi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Hakuna jambo ndani yake lisiloweza kutokea. Nakisimulia kwa sababu mapenzi ya mzee wa kisa hiki kwa mbwa wake yalikuwa ya kweli, tena mazuri, na ndiyo hayo yaliyomfikisha pabaya.

Babu alikuwa na ng'ombe wachache, mbuzi, na shamba la mahindi na maharage. Mbwa wake, Simba, alikuwa wa kienyeji, rangi ya udongo, mkia umejikunja, sikio moja limechanika. Babu alimjua kwa sauti hata akiwa usingizini. Simba akibwekea fisi alibweka hivi, akibwekea mgeni alibweka vile, na ng'ombe akikata kamba alikuwa na mlio wa tatu. Bibi alipofariki, Simba aliacha kulala zizini akahamia mlangoni mwa Babu. Hakuna aliyemwambia. Tangu hapo walizeeka pamoja. Manyoya ya mdomo wa Simba yaliota mvi, macho yakaingia ukungu, na asubuhi za baridi aliinuka kwa shida, akatembea hatua chache kwa kuchechemea mpaka viungo vipate moto.

Kisha mtoto wa Babu anayefanya kazi Arusha akaleta Jemeni. Mjini mbwa wa Kijerumani anapendwa mno, na si bure: ana akili, anafundishika, na sura yake peke yake inamrudisha mwizi alikotoka. Aina hiyo ilianza kufugwa rasmi Ujerumani mwaka 1899, na mwanzo wake ulikuwa kuchunga kondoo, kwa hiyo kuletwa kwa wafugaji haikuwa ajabu. Jemeni alikuja na kadi ya chanjo, dawa ya minyoo na maelekezo ya chakula. Simba hakuwahi kuwa na kadi. Nyumbani wakazoea kusema Jemeni ni mbwa wa gharama, kwa hiyo anatunzwa. Simba ni wa kienyeji, huyo ana nguvu zake za asili.

Siku moja kipaza sauti kikapita kikitangaza chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye ofisi ya kijiji. Mjukuu wa miaka tisa akamfunga Jemeni kamba akaenda naye. Alipotaka kumchukua na Simba, Babu alimzuia.

"Muache mwenzio apumzike," alisema. "Miguu inamuuma. Na mzee kama huyu ana nini tena? Sindano hizo ni za vijana."

Aliyasema kwa huruma. Naomba msomaji alishike hilo, maana ni rahisi kumwona Babu kuwa mzembe, naye hakuwa mzembe. Alimwonea huruma mbwa wake kwa mwendo wa nusu saa.

Baada ya mavuno akaja mbwa mgeni usiku, asiyejulikana katokea wapi. Hakuiba kitu. Aliingia moja kwa moja kupigana. Jemeni aliumwa mdomoni, Simba shingoni, na yule mgeni akatokomea. Babu akaosha majeraha ya wote wawili kwa maji ya chumvi, yakapona, na habari ikasahaulika.

Wiki sita zikapita. Simba akaacha kula. Siku ya pili akajificha nyuma ya ghala, mahali pa giza, na alipoitwa alichelewa kuja. Alipokuja, miguu ya nyuma ilikuwa ikiyumba. Babu akampigia mwanawe simu. Mwana, aliyewajua mbwa wa mjini, akamjibu kwa uhakika: "Baba, huo ni uzee. Hawa Jemeni wakizeeka nyonga zinaharibika, miguu ya nyuma inalegea. Hana dawa huyo, mpe maziwa tu." Kuhusu Jemeni alisema kweli. Ugonjwa wa nyonga unawasumbua sana mbwa wa aina ile. Lakini Simba hakuwa Jemeni, na nyonga haiharibiki kwa siku mbili.

Siku ya tatu taya la chini likawa limelegea, mdomo haufungi, udenda unatiririka. Kubweka kwake, kule ambako Babu alikujua usingizini, kukageuka mkwaruzo. Jirani akatazama akasema, "Ana mfupa kooni." Hapo ndipo Babu alipofanya jambo ambalo mtu yeyote anayempenda mbwa wake angelifanya. Alipiga magoti, akamfumbua mdomo, akaingiza mkono wake wa mkulima wenye nyufa na mkwaruzo mbichi wa panga, akapapasa koo lote akiutafuta mfupa. Haukuwepo. Mjukuu alikuwa kando ameshika bakuli la maji, na Simba, katika kujitahidi kunywa, akamlamba goti lililochubuka kwa mpira wa jana yake. Siku ya nne Simba alikufa.

Kichaa cha mbwa tunachowasimulia watoto ni kile cha mbwa anayekimbia barabarani akiuma kila kitu. Kipo kingine, cha kimya, ambacho mbwa wake hafukuzi mtu. Kirusi hupita kwenye mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni, na kikifika hulemaza koo na taya, kisha miguu. Mbwa hawezi kumeza, ndiyo maana mate yanamwagika na mwenye mbwa anadhani kuna mfupa. Mate hayo yamejaa ugonjwa. Si lazima meno yakuguse. Yakiingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, yanatosha.

Uzee hauji hivyo. Ukungu wa macho huchukua miezi. Masikio hufifia taratibu, meno husagika miaka, na viungo vilivyokaza asubuhi hulegea mbwa akitembea. Mbwa mzee hubaki yule yule, ila mwendo umepungua. Sauti ikibadilika kwa usiku mmoja, mbwa mpole akianza kujificha au kuuma mawe, mdomo ukikataa kufunga, miguu ikilegea kati ya Jumatatu na Jumatano, usiuite uzee. Wala usimfumbue mdomo. Mfungie mahali peke yake kama unaweza kufanya hivyo bila kumgusa, mwite afisa mifugo, na kila aliyeguswa na mate yake aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mjukuu alimweleza mwalimu wake kwamba mbwa wao amekufa, mdomo haukuwa ukifunga. Mwalimu hakusubiri kengele ya kutoka. Alimfikishia mama habari, na mama akamwosha mtoto goti kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha wakapanda bodaboda. Kuosha huko si kujifariji. Sabuni huua kirusi kabla hakijaingia kwenye mishipa, na ndiyo tiba ya kwanza inayofundishwa duniani kote. Hospitali mtoto akaanza sindano, akapewa tarehe za kurudi. Mtoto wa kwanza kuokolewa kwa chanjo ya namna hii kutoka kwa Louis Pasteur alikuwa naye wa miaka tisa, Joseph Meister, Julai 1885. Chanjo za leo ni salama zaidi, nazo huchomwa mkononi.

Mama aliporudi alimwendea baba mkwe wake. "Baba, wamesema kila aliyeshika mate. Nawe uliingiza mkono. Twende kesho."

"Simba hakuning'ata," alijibu. "Amenilinda miaka kumi, leo aje aniue siku ya kufa kwake?"

Alimsihi tena kwa heshima, siku tatu mfululizo. Mwanawe akasihi kwa simu. Kulikuwa na suala la fedha, kwamba ingebidi mbuzi auzwe, lakini fedha haikuwa sababu. Kwa Babu, kuchomwa sindano ile kulikuwa sawa na kumshtaki Simba kaburini.

Karibu miezi miwili baadaye mkono wake ulianza kuwasha na kufa ganzi pale palipokuwa na mkwaruzo. Kisha homa, kisha usingizi ukamkimbia, kisha akaletewa kikombe cha maji na koo likajifunga kwa hofu hata kabla hajakigusa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu hauna tiba. Waliopona duniani ni wa kuhesabu kwa vidole. Alizikwa wiki hiyo hiyo. Inakadiriwa kwamba duniani watu 59,000 hufa hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote kutokana na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yamewahi kufika watu 1,500 kwa mwaka. Kila mmoja wao alikuwa na siku kadhaa, pengine wiki, ambazo sindano ingemwokoa.

Jemeni aliumwa na mbwa yule yule usiku ule ule, mdomoni, karibu zaidi na ubongo, na yuko hai. Watu wa pale wakasema mbwa wa kizungu ana damu imara. Hilo linaniuma kuliko mengine yote katika kisa hiki, maana wakilishika hilo watakuwa wamezika watu bure. Damu haihusiki. Sindano moja iliyochomwa chini ya mti kwenye ofisi ya kijiji ingemlinda Simba vilevile. Kirusi hakiulizi ukoo wa mbwa, wala chanjo haiulizi.

Kijiji kikichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa pa kupita ukakatika. Watatu wanaobaki wasiwe daima wale wale: wazee kwa sababu wamechoka, watoto kwa sababu ni wadogo, na wa kienyeji kwa sababu hawakununuliwa. Umbali kutoka mjini nao si sababu kubwa kama zamani. Mwaka 2016 watafiti wanaofanya kazi Tanzania walionyesha kwamba aina moja ya chanjo ya mbwa huhifadhi nguvu zake miezi mitatu katika joto la nyuzi 30, kwa hiyo hata kijiji kisicho na jokofu kinafikika.

Mbwa mzee asiyeweza kutembea hadi kituoni abebwe kwa toroli au mkokoteni wa punda. Ikishindikana, afisa mifugo aombwe mapema apite nyumbani siku ya zoezi la chanjo, kwa sababu chupa moja ya chanjo hubeba dozi za mbwa wengi, na ikishatobolewa haiwekwi mpaka kesho.