Nguvu ya Chuma ni ya Nani?

Tangu mwaka 1955, reli ipitayo Rooty Hill, magharibi ya Sydney, ilipotiwa umeme hadi Penrith, treni za hapa huendeshwa kwa sumaku ya kuazima: shaba nyekundu iliyozongwa juu ya chuma, yenye nguvu maadamu mkondo wa umeme unapita, na mkondo ukikatika nguvu nazo hutoweka.

Waaidhi hawauachi mfano kama huu upite bure. Watasema chuma ni mja, hana lake, kila kitu ni cha Mola ampaye na kumnyima. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kukana kwamba moto ndio uunguzao pamba, na Ibn Rushd akamjibu kuwa mwenye kukana sababu ameikana akili yenyewe. Kwa heshima zote, naona chuma hakiwafai waaidhi kama wanavyodhani.

Kwani Mwingereza William Sturgeon, alipoionyesha sumaku hii mwaka 1825, alikipinda chuma mfano wa kiatu cha farasi, akakipaka vanishi, akakizungushia waya mtupu wa shaba, na chuma hicho cha gramu 200 hivi kikainua kilo 4. Angalitia mti badala ya chuma, asingaliinua kitu cha maana, ijapokuwa mkondo ni ule ule. Chuma kina lake: ndani mna vieneo vidogo mno, kila kimoja sumaku kamili tangu hapo, ila vimeelekea huku na huku hata vikabatilishana, na kazi kubwa ya mkondo ni kuvielekeza kibla kimoja. Hata Sura ya Hadid, ya 57, huzitaja nguvu kuwa ndani ya chuma.

Na kuachilia nako ni tabia ya madini. Nilizungushia msumari waya, nikaunga betri ya tochi, ukabeba pini. Nilipokata, zote zikaanguka isipokuwa moja iliyong'ang'ania nchani, maana msumari wa dukani si chuma laini safi. Feleji ngumu ndiyo isiyosahau kabisa. Kwa hiyo mashine za treni hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na silikoni, kikapangwa mabati membamba yaliyotengwa moja moja ili mikondo ya ndani isikipashe moto.

Basi kitokacho nje, nionavyo, zaidi ni mwelekeo kuliko nguvu. Ama nani aliyeviweka vieneo hivyo ndani ya chuma, akainyima shaba, hilo betri haliwezi kulijibu, na hapo Imam angali ana hoja.