Kuazimana Vitabu: Hisani au Deni?

Lugha ya Kiswahili ina neno moja kwa matendo mawili yanayoelekeana. Aliye na kitabu humwazima mwenziwe, na asiye nacho huazima kwa mwenziwe. Mtoaji na mpokeaji hawakugawiwa vitenzi mbalimbali. Wameshika ncha mbili za kamba moja. Tena lugha hiyo hutenga kuazima na kukopa. Mwenye kukopa pishi ya mchele hula mchele ule akarudisha mwingine. Mwenye kuazima jembe hurudisha jembe lile lile. Kitabu ni katika vitu vya kuazimwa, lakini hulishinda jembe kwa jambo moja. Jembe hurudi limepungua makali. Kitabu kikitunzwa hurudi kizima, na aliyekisoma akabaki na faida yake yote. Basi maktaba yenye kitabu inapoombwa na maktaba ya mbali isiyo nacho, je, kukitoa ni hisani, au ni kulipa deni?

Desturi ya maktaba kuazimana si ngeni. Mwaka 1876 Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester katika Marekani, aliandika barua kwa jarida la wakutubi akishauri kwamba maktaba ziazimane vitabu kwa faida ya wasomaji. Katika Afrika ya Mashariki, Shirika la Vitabu lililoanzishwa mwaka 1948 lilipeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta hata kwa wasomaji waliokaa mbali na miji. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa katika Dar es Salaam. Utaratibu wa kuazimana ni mwepesi kueleza: msomaji huiambia maktaba yake haja yake, maktaba hiyo huandikia nyingine, kitabu huja kwa jina la maktaba iliyoomba, nayo huwa mdhamini wa msomaji hadi siku ya kukirudisha.

Bonde la Kilombero ni mahali pema pa kulipima swali hili. Mwaka 1935 kilichapwa London kitabu cha A. T. na G. M. Culwick juu ya Wabena wa mitoni, na ndani yake mna sura iliyotoka kwa Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Mwaka 1957 Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara katika Ifakara, na habari za papasi na homa yao zikaandikwa katika majarida ya Uswisi. Mwaka 1968 kitabu cha Jätzold na Baum juu ya bonde hili kikatolewa München. Mwaka 1997 ulianza mpango wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet la London, kwamba vyandarua hivyo viliongeza kusalimika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27. Watoto hao walikuwa wa bondeni, na karatasi zilizonena habari zao zikawekwa kwanza katika rafu za ng'ambo. Kijana wa Malinyi atakaye kuyasoma maneno ya Mtema huenda asiyapate ila kwa kuandika barua ya maombi.

Yuko atakayesema kwamba hapana deni hapa. Maktaba ya mbali ilikinunua kitabu kwa fedha yake, ikakihifadhi na unyevu na mchwa, na ina wasomaji wake wenye haki ya kwanza. Ikikitoa, imefanya wema; isipokitoa, haikumdhulumu mtu. Hoja hii ina nguvu, nayo ni kweli kwa habari ya karatasi na jalada. Lakini maktaba hainunui karatasi kwa ajili ya karatasi. Kilicho ndani kilitoka kwa watu: mzee alieleza ukoo wake, mkulima akaacha shamba lake lipimwe, mgonjwa akatoa damu, mama akataja umri wa wanawe. Hao ndio walioazima wa kwanza. Walitoa walichokuwa nacho, na wengi wao hawakuona kilivyoandikwa. Kwa hiyo ombi litokalo Ifakara si la mwombaji mlangoni. Ni la mdai aliyekuja kwa adabu.

Itaulizwa tena: na kitabu kisichotoka bondeni, kwa mfano cha hesabu au cha viungo vya mwili? Hicho nacho hakina mtungaji aliyejifundisha peke yake. Kila mtungaji alisoma waliomtangulia, na wala hawezi kuwalipa wafu. Njia pekee ya kuwalipa ni kuwapa wajao. Tofauti ni hii tu: deni la kwanza lina mdai anayejulikana, na la pili hudaiwa na kila atafutaye.

Walakini deni la mtoaji halimfungulii mpokeaji njia ya kutenda apendavyo. Tabibu Galen amesimulia kwamba Mfalme Ptolemy wa Tatu wa Misri aliazima Athens maandishi ya Aeschylus, Sophocles na Euripides, akaweka rehani talanta 15 za fedha. Akanakili, akarudisha nakala, akabaki na asili, na rehani akaiacha ipotee. Maneno yalikuwa yale yale, na fedha ilibaki Athens. Basi Athens ilipoteza nini? Ilipoteza amana. Tena hasara kubwa haikuwa ya Athens, bali ya yule atakayeomba baadaye akakuta mlango umefungwa. Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Na anayekawiza kitabu huyapeleka matanga hayo katika nyumba ya mtu asiyemjua. Ndiyo maana maktaba huandika kila kitu, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo pia unaonekana mpaka wa deni: linalodaiwa ni kusomwa, si karatasi. Kitabu kikiwa kikuukuu hata hakiwezi safari, mwenyewe akipeleka nakala amelipa. Nakala ile ile, ikirudishwa na mwazimaji mahali pa asili, ni wizi.

Yamkini mtu aseme kwamba mambo haya yamekwisha, kwa kuwa tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapaji limefungua majarida mengi ya tiba kwa vyuo vya nchi maskini kwa njia ya intaneti. Neema hiyo ni kubwa. Hata hivyo vitabu vingi vya kale na tasnifu nyingi havikuingia humo, na kilichofunguliwa kwa hiari chaweza kufungwa kwa hiari. Hisani hutegemea moyo wa mtoaji. Deni hubaki hata moyo ukibadilika.

Limebaki jambo moja, nalo ni heshima. Anayeazima kila siku bila kuazimwa huzoea kuinamisha kichwa, hata pale anapodai haki yake. Dawa yake si kuacha kuomba. Dawa ni Ifakara kuwa na rafu ambazo watu wa Basel na London watalazimika kuziandikia: simulizi za wavuvi wa Kilombero, masomo ya wauguzi, kazi za wanafunzi wa bonde lenyewe. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018, pantoni ilivusha watu kati ya Ifakara na upande wa Ulanga, na haikurudi tupu kutoka ng'ambo yoyote. Kuazimana vitabu kukienda hivyo, hapatakuwa na haja ya kuuliza nani mfadhili na nani mfadhiliwa.