Siri ya mwanao kwa rafiki yako

Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970, na waliojenga walitoka kila mkoa. Shangazi akabaki Tanga, mjomba Ujiji. Ndiyo maana leo, kuanzia Kijiweni hadi Mori, kijana wa kidato cha tatu asiyesema na mama yake humwendea shoga wa mama, yule wa darsa au wa kuchangiana shughuli. Mama akisikia huumia, humbana mwenzake: "Kakwambia nini?"

Akina mama, mtazameni Ummu Sulaym (r.a.). Alimpeleka mwanawe Anas, mtoto wa miaka kama 10, kwa Mtume (s.a.w.) amtumikie. Alitumikia miaka 10, na anasimulia kuwa hakukemewa hata mara moja. Siku moja alichelewa kurudi. Mama akauliza. Anas akajibu kuwa Mtume kamtuma, na jambo lenyewe ni siri. Imepokewa na Muslim kuwa mama yule hakumbana. Alimuusia asimwambie yeyote.

Sasa sisi? Kijana akikuta maneno yake yamefika nyumbani kabla ya Maghrib, kesho atayapeleka vijiweni, na huko wasikilizaji hawakosekani.

Bila shaka pakiwa na dhara, kama dawa za kulevya au mtu mzima anayemharibu mtoto, rafiki hana ruhusa ya kunyamaza. Mengine mwachieni. Kazi ya mama ni kumchagua rafiki huyo mapema: anayeswali, anayefunga mdomo, na ambaye watoto wake mwenyewe humkimbilia.

Nanyi akina baba, baada ya Isha mnakaa nje ya msikiti mkizungumza mpira. Ni yupi kati ya wale ambaye mwanao anamjua hata jina?