Je, Simba Ana Dhambi?

Katika nyumba zetu simba ni fimbo ya pili. Mtoto akikataa uji huambiwa, "Simba anakuja!" Akilia usiku, huambiwa kwamba fisi yuko nyuma ya mlango. Chuoni tulipofundishwa ualimu tuliambiwa kwamba mtoto mdogo hushika neno kwanza, na maana huifuata baadaye, pengine baada ya miaka mingi. Basi yafaa tuangalie ni maneno gani tunayompa ayashike.

Mwezi wa Julai tulikwenda Mikumi, familia nzima, tukiwa na mjukuu wetu wa miaka miwili na nusu. Twiga hakuwajali, alilala. Viboko aliwatazama kitambo, kisha akataka ndizi. Lakini tulipowakuta simba watatu juu ya mzoga wa pundamilia alisimama mapajani mwa mama yake, akanyamaza, halafu akasema, "Simba mbaya." Mwanangu akamjibu kwamba simba si mbaya, ana njaa tu. Mkwe wangu akasema, "Mwache mtoto. Ni mbaya kweli." Wakabishana hadi getini.

Nani alisema kweli? Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Tukimwita mtu mbaya, twamaanisha kwamba alijua lililo jema, aliweza kulitenda, naye akaliacha. Simba hana njia mbili mbele yake. Tumbo lake na meno yake hayakuumbwa kwa majani. Akimhurumia pundamilia, watoto wake watakufa. Mwandishi wa Zaburi ya 104 aliliona hilo zamani, akawaweka wanasimba miongoni mwa viumbe wanaomwomba Mungu chakula chao, wala hakuwalaumu.

Wako watu waliofikiri vingine. Mwaka 1386, katika mji wa Falaise nchini Ufaransa, nguruwe jike aliyemwua mtoto mchanga alishtakiwa barazani, akahukumiwa na kuuawa hadharani. Mwaka 1457, huko Savigny, nguruwe mwingine alihukumiwa vivyo hivyo, lakini watoto wake sita waliachiliwa. Twaweza kucheka. Lakini mtu anayempiga mbuzi mateke kwa hasira kwa kuwa amekula mchicha hayuko mbali sana na mahakimu wale.

Hata hivyo siwezi kumpuuza mkwe wangu. Yeye ni mtu wa Lindi. Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 katika Tanzania, na wengi wao walikuwa watu wa kusini. Waliochunguza habari hizo waliona kwamba nguruwe pori huingia mashambani kula mazao, simba huwafuata nguruwe, na mkulima yuko papo hapo, amelala katika dungu lake akilinda mahindi. Mtu aliyezika jamaa yake hawezi kutulizwa kwa kuambiwa kwamba simba alikuwa na njaa tu. Neno hilo ni kweli, lakini kwake ni kama kumpa mwenye kiu kikombe kitupu.

Nadhani hapa ndipo wale wawili walipopishana. Mmoja alisema juu ya hatia, mwingine juu ya hatari. Simba anayewinda watu ni hatari, na ni haki kumwua ili watu wapone. Lakini kuua kwa kujikinga si kuadhibu, na tofauti hii si ya maneno matupu. Anayejikinga humtafuta simba yule mmoja, akishamwua hutulia. Anayelipiza kisasi hutia sumu katika mzoga, wakafa simba, fisi na tai pamoja, hata wale ambao hawajapata kumgusa binadamu. Wala kisasi hakimwondoi nguruwe pori shambani. Usiku unaofuata mkulima hurudi katika dungu lilelile, nasi tulioko mjini twayanunua mahindi yake bila kuuliza yalilindwaje.

Tena, hatia ilikuwapo Mikumi siku ile, ila si pale kwenye mzoga. Barabara kuu ya kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi ile kwa kadiri ya kilomita 50, na kando yake kuna vibao vya kuwaonya madereva wapunguze mwendo kwa ajili ya wanyama. Tulipita penye swala aliyegongwa, bado damu mbichi. Dereva yule, kama alikuwa akienda mbio, alijua kusoma, na mguu uliokanyaga mafuta ulikuwa wake. Ajabu ni kwamba hakuna katika gari letu aliyesema, "Dereva mbaya." Mtoto alikuwa amelala tena, nasi watu wazima tulitazama tu, tukaendelea na safari.

Kuhusu mtoto mwenyewe, mimi ningemwambia hivi: "Simba anakula. Usimkaribie." Hayo mawili ni kweli, naye ayaweza. Neno "mbaya" ningelihifadhi kwanza, hata kwake yeye anapovunja kikombe au kumwuma kaka yake, kwa maana katika umri huu bado yuko karibu na wale nguruwe wadogo wa Savigny. Mkwe wangu hajakubali. Anasema, "Baba, hofu humlinda mtoto kabla ya akili kufika," na katika hilo sina jibu la haraka la kumpa.