LIPA DENI, LINDA JINA
Somo: 2 Wafalme 4:1–7



Mjane wa somo letu aliachiwa deni na mume aliyemcha Mungu, na mdai alikuwa njiani kuja kuchukua watoto wake wawili. Elisha hakukemea mdai. Alimwuliza mama ana nini nyumbani, kisha akamtuma kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache.

Angalia hapo, mpendwa. Mama ana deni, lakini majirani wanampa vyombo. Walijua atarudisha. Na mafuta yalikoma pale vyombo vilipoisha. Sasa jiulize: Mungu akikutuma leo uazime sufuria hapa Gatoto ama Simba Cool, utapewa ngapi?

Kabla ya huduma nilisomea biashara, kwa hivyo wacha niseme wazi. Deni haliishi kwa kutupa laini, kwa sababu limeandikwa kwa nambari ya kitambulisho chako. Ukipitisha siku 90 bila kulipa, mkopo unahesabiwa kuwa mbovu, na jina lako linaweza kupelekwa CRB. Hapa Kenya ziko tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hata ukishalipa, rekodi ya kwamba ulishindwa inaweza kukaa miaka 5. Ni kweli, kanuni za 2020 zilisema deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe huko. Lakini aliyekukopesha mwenyewe hasahau, na kiwango chako kwake kinashuka.

Hustler Fund ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Anayelipa vizuri ndiye anaongezewa. Lakini nasikia watu wakisema, "Hiyo ni pesa ya serikali, wacha tule." Ndugu yangu, ukila 500 ya leo umejifungia elfu kumi ya stoki ya kesho. Mtoto akiugua usiku, anayebaki ni shailoki, na yeye anataka TV na mtungi wa gesi kwanza. Na kama mlikopa kwa kikundi, dada zako waliokudhamini ndio wanakatwa akiba yao.

Kuna CRB nyingine haina ofisi: daftari ya mwenye duka. Mtu anazunguka njia ya nyuma asionekane dukani, halafu Jumapili anainua mikono juu kabisa. Mwenye duka naye ameketi benchi la nyuma, anamtazama. Tutamhubiria nini huyo?

Simhukumu mtu. Najua kibarua cha viwandani kinaweza kuisha asubuhi moja bila notisi. Lakini yule mjane hakujificha. Alienda, akalia, akasema shida yake yote. Nawe fanya hivi:

Kwanza, pokea simu ya mdai. Mwambie hali yako, muelewane kiasi kidogo unachoweza kweli.

Pili, usikope hapa ulipe pale. Huko ni kuhamisha shimo.

Tatu, omba ripoti yako ya CRB. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka. Ikiwa na makosa, lalamika yarekebishwe. Ukimaliza kulipa, omba cheti cha kuonyesha umemaliza, na uhakikishe rekodi imebadilishwa.

Mafuta yalipojaa, mama alirudi kwa Elisha kuuliza afanye nini. Jibu lilikuwa na mpangilio: uza, lipa deni, kisha wewe na wanao mle kinachobaki. Deni lilitangulia sahani.

Wengi hunijia niwaombee mlango wa mkopo mpya ufunguke. Nitaomba. Lakini wiki hii, kabla hujaleta ombi hilo, peleka hata shilingi 100 kwa yule unayemkwepa, na umwambie salio utalileta lini. Jumatano baada ya maombi nitabaki kanisani. Njoo na simu yako na karatasi zako, tukae tupange pamoja.

Mungu aliyejaza vyombo vya mjane akujaze, na akurudishie jina jema. Amina.