Kufuli la Kisu

Kisu cha kukunja ni kisu kilichovunjwa kiunoni kwa makusudi ili kiingie mfukoni. Hapo kilipovunjwa ndipo penye udhaifu wake wote, na ndipo lilipo suala ambalo limenikalisha siku kadhaa nikitafakari, ingawa lilinijia kama jambo dogo tu la ununuzi. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22 anayebebesha miche ya michungwa katika bustani moja huko Muheza, alikuwa amechoka kuazima visu vya wenzake. Alitaka kununua cha kwake, cha kwanza, kwa fedha aliyoitolea jasho. Mwenye duka mmoja wa Tanga mjini alikuwa na viwili vilivyotoka Ulaya, na kijana akataka nimwambie kipi achukue.

Kimoja ni kile chekundu chenye msalaba mweupe, ambacho msomaji bila shaka amekwisha kukiona mikononi mwa mtalii au padri. Ni cha Victorinox wa Uswisi, aina iitwayo Spartan, na kikikunjwa kina urefu wa milimita 91. Karl Elsener alianzisha karakana yake mwaka 1884 katika kijiji cha Ibach, na kuanzia mwaka 1891 alikuwa akiliuzia jeshi la nchi yake visu vya askari. Kisu cha maofisa, babu wa hiki chekundu, kilifuata mwaka 1897. Ndani ya mpini mnalala ubapa mkubwa na mdogo, kifungua makopo, kifungua chupa za soda, msharasi wa kutobolea, kibano, kijiti cha meno, na kizibuo cha mvinyo kwa ajili ya kijana ambaye mvinyo hajapata kuuonja.

Cha pili ni Opinel namba 8, cha Ufaransa. Joseph Opinel alikuwa na umri wa miaka 18 alipokibuni mwaka 1890, katika milima ya Savoie. Mpini wake ni wa mbao, ubapa ni mmoja wenye urefu wa sentimita 8.5, na shingoni kina pete ya chuma. Zaidi ya hayo hakina kitu.

Mtu wa kwanza ninayemjua aliyelisemea jambo la namna hii ni Aristotle. Katika kitabu chake cha Siasa anasema kwamba maumbile si bahili kama wahunzi wanaofua kisu cha Delphi, kisu kimoja cha kazi nyingi, kwa kuwa kila chombo hufanya vizuri zaidi kikiwa na kazi moja. Kwa hoja hiyo Opinel anashinda mara moja. Lakini sina haraka ya kumfuata mzee huyo, maana hoja yenyewe aliitoa alipokuwa akipambanua kazi ya mwanamke na kazi ya mtumwa, na anayeanza na visu akaishia kuwapangia watu kazi zao za kuzaliwa anahitaji kusikilizwa kwa tahadhari. Isitoshe, maskini hana anasa ya kuwa na chombo kimoja kwa kila kazi. Kifungua makopo ni kazi, na kutoa mwiba mguuni ni kazi vilevile.

Nilimweleza pia habari za chuma na mbao, nazo hazihitaji maneno mengi. Opinel huuzwa kwa aina mbili za chuma. Kile alichonyoshewa mpwa wangu kilikuwa cha aina ya zamani, kinachonoleka upesi na kuwa kikali sana, lakini ndimu moja tu hukitia weusi, na kikisahauliwa kikiwa kimelowa hushika kutu. Mbao nayo huvimba ikipata unyevu, ubapa ukawa mgumu kufunguka. Kwa hali ya hewa ya Tanga hilo si jambo la kukisia. Kile chekundu hakina taabu hizo. Basi, kama suala lingekuwa ni hilo tu, tungelimaliza kabla chai haijapoa.

Suala ni pete ile ya shingoni. Kisu chekundu hushikiliwa wazi na springi peke yake. Ukikisukuma kwa nguvu upande wa mgongo, kinajikunja. Pete ya Opinel, iliyobuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955, huzungushwa kwa vidole ikauzuia ubapa usirudi mpinini. Ni kufuli. Kwa miaka 65 kabla yake wakulima wa Savoie walitumia kisu hicho bila kufuli lolote, wakategemea ukinzani wa mbao na uangalifu wao.

Kufuli lina faida gani? Hapa ni lazima tuangalie mkono unavyofanya kazi. Unapokata chungwa, kamba au jicho la kupachika kwenye mche, nguvu inakuja kwenye makali na kuusukuma ubapa uzidi kufunguka. Kwa kazi hizo kufuli halina la kufanya. Linahitajika pale nguvu inapokuja mgongoni au nchani: unapokigeuza kisu ili uinue ganda la mche kwa mgongo wake, au unapotoboa tundu katika bomba la plastiki la kumwagilia. Hapo, bila kufuli, ubapa unaweza kukuangukia vidoleni. Na kuna kazi nyingine moja ambayo nguvu yake huja nchani. Ni kuchoma.

Hilo ndilo lililonizuia kujibu haraka. Kitu kile kile kinachokinga kidole cha mwenye kisu ndicho kinachokifanya kisu kiweze kuingia katika mwili wa mtu mwingine bila kumgeukia mwenyewe.

Nilipokuwa kijana, jioni moja kilabuni, niliona jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Rafiki zangu wawili waligombana kwa deni, si deni kubwa. Mmoja akatoa kisu cha kukunja, kisicho na kufuli, akachoma. Ncha ikagonga bizimu ya mkanda, ubapa ukarudi, ukamkata mwenyewe vidole viwili mpaka kwenye mishipa. Aliyelengwa alipata mchubuko tumboni, na leo ni babu wa wajukuu wanne. Aliyechoma hakuweza tena kukunja vidole vile maisha yake yote. Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa pamoja sokoni. Alikuwa mtu mpole, mcheshi, na kama ungemwuliza kama anaweza kumchoma mtu angekucheka.

Kisu kile kilikuwa kibovu au kizuri? Fundi atasema kibovu, maana kilimgeuka mtumiaji. Mimi nasema kilifanya kazi bora kuliko zote kilizowahi kufanya.

Waingereza wameliweka jambo hili katika sheria. Sheria yao ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kutembea hadharani na kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6, bila kulazimika kutoa sababu. Katika miaka ya 1990 mahakama zao zikafafanua kwamba kisu chenye kufuli hakihesabiwi kuwa cha kukunja, hata kiwe kifupi namna gani, na anayetembea nacho lazima awe na sababu ya kuridhisha, kama vile kazi. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza niliona ni upuuzi: serikali inamtaka raia atembee na kisu cha hatari zaidi! Baadaye nikaona kwamba neno "hatari" halijitoshelezi mpaka useme ni hatari kwa nani. Kisu kisicho na kufuli ni hatari zaidi kwa aliyekishika. Sheria ile imeamua kwamba, kama lazima mtu aumie, heri aumie mwenye kisu.

Naona uamuzi huo una haki ndani yake. Mwenye kisu amekwenda dukani kwa miguu yake, amekichagua, anajua kinavyofanya kazi, na manufaa yake ni yake. Atakayechomwa hakuwepo dukani, wala hakuulizwa. Ni vigumu kuona kwa nini usalama wa yule wa kwanza ununuliwe kwa hatari ya yule wa pili.

Nilimweleza mpwa wangu hoja hii kwa simu, naye akaikataa papo hapo.

"Mjomba, kwani mimi nimemchoma nani?"

"Hujamchoma mtu, mjomba wangu."

"Basi kwa nini vidole vyangu vilipe deni la wahuni?"

Nakiri kwamba swali hilo ni zito kuliko lilivyosemwa. Hao wanaochoma watu ni wachache. Wanaotoboa mabomba na kuinua maganda ni wengi, kila siku, na mikono yao ndiyo mtaji wao. Mbebeshaji aliyekatika kidole gumba anarudi nyumbani bila kazi. Hata jeshi la Uswisi, baada ya zaidi ya miaka mia moja ya visu visivyo na kufuli, lilipochagua kisu kipya cha askari mwaka 2008 lilichukua chenye kufuli. Wahenga wetu nao wana neno: mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo siipendi ikitumiwa kwa watoto wa watu wengine. Anayeisema kwa kawaida ana kidole chake salama.

Tena kuna tofauti kati ya sheria na mjomba. Sheria haimjui mpwa wangu. Inamjua kijana yeyote yule. Mimi namjua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Je, nimshauri kama sheria inavyoshauri, kana kwamba ni mtu yeyote? Au nimshauri kwa jinsi ninavyomjua? Moyo wangu ulipendelea la pili, mpaka nilipomkumbuka yule rafiki wa kilabuni, ambaye naye nilidhani namjua, na ambaye mwenyewe alidhani anajijua.

Hapo ndipo nilipoiangalia pete ile upya. Kuna makufuli yanayojifunga yenyewe mara ubapa unapofunguka. Mfano tunaoufahamu Afrika ni Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni yake ya bara hili, yetu ikiwa mojawapo. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Hicho hufunguka kwa mlio wa meno ya chuma, trrr, na kwa kuwa mlio huo umetumiwa na wahuni kutishia watu, kisu cha mkulima mwaminifu kimepewa sifa ya muuaji. Pete ya Opinel haijifungi yenyewe. Unafungua ubapa kwa mikono miwili, kisha, kama unataka, unazungusha pete. Usipoizungusha, ubapa una uhuru wa kurudi. Kufuli lipo, lakini linasubiri uamuzi.

Nikawaza: mtu anayeinua ganda la mche ana nafasi ya kuzungusha pete. Mtu aliyetukanwa kilabuni hana. Hasira haina muda wa mambo madogo madogo, na kisu kitamrudia vidoleni kama kilivyomrudia rafiki yangu. Anayekwenda kuua kwa kupanga atazungusha, kweli. Lakini huyo hana haja ya kisu cha kukunja, maana kila jiko lina kisu kirefu kisichokunjika. Sheria ya Uingereza haitambui tofauti hii, na sidhani kama inaweza. Mimi naitambua. Nikamwambia achukue cha mbao, akipake mafuta ubapani, na aizungushe pete kila anapotoboa.

Mama yake, ambaye ni dada yangu, alisikia habari hiyo na hakuridhika hata kidogo.

"Kaka," akasema, "hivyo visu virefu vya jikoni, nani anakwenda navyo mpirani?"

Nilitafuta jibu, sikulipata. Falsafa yangu yote ilikuwa imekaa juu ya dhana kwamba kisu kipo pale kilipo, na kinachobadilika ni mkono. Dada alikuwa akisema kwamba kisu cha mfukoni huongozana na mtu hadi mahali ambapo hakuna wa kubebesha mche: uwanjani, kilabuni, ngomani. Ubaya wa mfuko ni huo huo uzuri wake. Kwa maoni yake, kijana angenunua kile chekundu, ambacho angalau kina kibano.

Tukafika kwenye mapatano ambayo hayakumfurahisha mtu. Cha mbao kikanunuliwa. Siku za kazi kinakaa mfukoni. Jumamosi jioni kinabaki bustanini, katika sanduku la mikasi ya kupogolea na nailoni za kufungia macho ya miche. Kijana alinung'unika kwamba hayo ni masharti ya mtu anayetuhumiwa. Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba yule rafiki yangu wa zamani aliyahitaji jioni ile kuliko mtu yeyote mjini, ilhali asubuhi yake angeyakataa kwa maneno hayo hayo.