Karama Mbele ya Baraza

Kusadikika ni nchi iliyo angani, lakini Shaaban Robert, aliyeitoa kitabuni mwaka 1951, hakuiweka mbali kiasi cha msomaji kushindwa kuitambua. Mshitakiwa wa kisa hicho, Karama, hakuiba, hakuua, wala hakuinua mkono juu ya mfalme. Taksiri yake ni kutaka raia wenzake waijue elimu ya sheria, na aliyemfikisha mbele ya baraza ni waziri Majivuno, ambaye hoja yake, ukiivua kilemba, ni kwamba elimu hiyo ikienea dola itaporomoka. Shuleni tulikaririshwa majina ya wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, tukayaandika siku ya mtihani na kwenda zetu, pasipo mtu kutuuliza ilikuwaje watu waliotoka kuitafutia nchi yao kheri, wakarudi nayo, wakaishia kifungoni.

Linalonishughulisha kila nikikirudia kitabu hicho ni kwamba Majivuno haonekani kuvunja sheria. Huisimamia. Husema kwa jina lake, hutanguliza maslaha ya nchi, na humwita mhalifu yule anayewafumbua macho wenye nchi. Mwizi wa kawaida huikimbia sheria. Kiongozi fisadi, madhali ana akili, huhamia ndani yake kama mpangaji asiyelipa kodi, na yeyote anayeuliza habari za nyumba ile hushitakiwa kwa kuvuruga amani ya mtaa.

Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926, na mambo ya amri na mihuri hayakuwa mageni kwake. Tangu mwaka 1921 Tanganyika ilikuwa na sheria iliyompa Gavana uwezo wa kumhamisha mtu kwa nguvu kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine, pasipo kesi, kwa hoja ya kulinda amani. Msomaji wa zama zile hakuhitaji kufasiriwa kisa.

Mwandishi alifariki Juni 1962, nchi ikiwa huru. Mwaka ule ule Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini, iliyomruhusu Rais kumfungia mtu aliyeonekana hatari kwa usalama, na amri hiyo haikuweza kuhojiwa katika mahakama yoyote. Waliotunga sheria ile walikuwa na hoja zenye uzito, kwa kuwa taifa lilikuwa changa na khofu zao hazikuwa za kubuni zote. Hata hivyo mimi nasema, na anayetaka anikosoe, kwamba kinga aliyopewa mtawala mwema hurithiwa na mwovu atakayemfuata bila ya kupungua hata herufi moja, tena mwovu huyo hatakuwa na haja ya kutunga sheria yake.

Basi nikimtazama Karama namwona mtu mwenye bahati. Pamoja na hila zote za Majivuno, mshitakiwa aliruhusiwa kujitetea, na mfalme, baada ya kusikiliza habari za wajumbe wale mmoja baada ya mwingine, akamwacha huru na kuamuru wale waliofungwa watolewe.

Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya, hakupata baraza la namna hiyo. Mchezo wake wa *Ngaahika Ndeenda*, aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulikuwa umechezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977, na siku ya mwisho ya mwaka ule akakamatwa, akawekwa katika gereza la Kamiti chini ya sheria iliyoitwa ya kulinda usalama wa umma, umma ambao ndio uliokuwa ukiucheza mchezo wenyewe. Aliachiliwa Desemba 1978, Rais Kenyatta akiwa amekwisha kufa na Moi ameshika nchi. Hakufikishwa mahakamani siku yoyote, wala hakusomewa shitaka.